Bosi akikohoa ofisi nzima kimya, hapo kuna hatari!

Barua zenu kuhusu wakwe wanaohamia bila taarifa nimezipata, na jamani, kumbe tuko wengi! Nitazirudia. Leo naomba tuweke kando mambo ya sebuleni na chumbani, twende kazini. Wengi wetu tunakaa huko saa nyingi kuliko tunazokaa na wake na waume zetu, lakini yanayotusibu huko tunayameza tu, tunarudi nyumbani tumenuna, watoto wanadhani ni wao wamekosa.

Kilichonisukuma ni barua ya kijana mmoja. Nimeifupisha, na nimeondoa mambo yanayoweza kumfanya atambulike, maana mji huu ni mdogo. Anasema hivi:

"Shikamoo Anko. Mimi ni kijana wa miaka 27, nafanya kazi kwenye kampuni moja hapa Dar inayotengeneza programu za malipo kwa simu. Mwaka huu bosi wetu alikwenda semina, akarudi na kitu kinaitwa ajaili. Sasa kila asubuhi saa tatu tunasimama duara, kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini na amekwama wapi. Anko, kile si kikao, ni kituo cha polisi! Mwenzetu mmoja alisema amekwama, bosi akamwuliza mbele ya wote kama vyeti vyake alinunua. Toka siku hiyo hakuna tena anayekwama. Kila mtu 'anaendelea vizuri'.

"Tatizo langu ni hili. Wiki mbili zilizopita nimegundua kwamba mtandao ukikatika katikati ya malipo, kuna wakati mteja anakatwa hela mara mbili. Mwisho wa mwezi tunakabidhi kazi hii. Kipande chenye kosa nilikiandika mimi mwenyewe. Nina mtoto wa miezi minne na nyumba ya kupanga. Niseme, au nifunike kombe mwanaharamu apite?"

Ndugu msomaji, wapo watakaocheka wakisoma barua hii. Mimi sikucheka. Niliiweka mezani, nikaenda kunywa maji. Kwa nini? Kwa sababu mimi niliwahi kuwa bosi wa namna hiyo hiyo.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2010. Nilikuwa nasimamia kitengo kidogo kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, watu 9 na mashine 2. Tukapata kazi nono ya kuchapa kalenda 5,000 za mwaka 2011. Mchoraji wetu, kwa kutaka kuokoa muda, akachukua tarehe za kalenda ya mwaka 2000, kwa kuwa miaka yote miwili ilianza Jumamosi. Ujanja wenyewe si mbaya. Januari ilikaa sawasawa, Februari nayo sawasawa mpaka tarehe 28. Lakini mwaka 2000 Februari ilikuwa na siku 29, na 2011 ilikuwa na siku 28! Kwa hiyo kuanzia Machi mpaka Desemba, kila siku ilisogea kwa moja. Ijumaa ikawa Jumamosi, Jumamosi ikawa Jumapili.

Mimi nilisaini karatasi ya kusahihisha bila kuisoma vizuri. Nilikuwa na haraka, tena nilijiamini. Kalenda zikachapwa zote 5,000, zikakatwa, zikafungwa, zikapelekwa. Siku ya tatu mteja akapiga simu. Sitaki kukumbuka maneno aliyosema.

Sasa bosi akipata aibu huwa anafanyaje? Anatafuta wa kumwangushia jumba bovu. Nikamwangushia kijana wa pleti. Nikasema yeye ndiye aliyeishika kazi kwa mkono wake kabla haijapanda kwenye mashine, alipaswa kuona. Kijana hakujitetea hata neno moja. Kibarua chake kikaota nyasi wiki ile ile. Mimi nikabaki kwenye kiti changu, nikalala usingizi.

Miaka ikapita. Siku moja niko Kariakoo natafuta karatasi za kuchapia kadi za harusi ya mpwa wangu, naingia kwenye kiduka kimoja chenye mashine ndogo ya kuchapa, nani namwona nyuma ya kaunta? Yule kijana! Nilitaka kurudi nyuma, lakini akaniwahi. "Shikamoo mzee, karibu." Akanivutia kiti, akaniagizia soda.

Tukaongea ya hapa na pale. Mwishowe nikaona nimwulize. "Kwani ile siku hukuona?" Akatabasamu kidogo. "Niliona mzee. Niliona siku mbili kabla hatujachapa."

Nilihisi soda imenikaba.

"Sasa mbona hukusema?"

"Mzee, wiki ile ile ulimwambia mwenzangu mbele yetu kwamba hapa halipwi kufikiri, analipwa kupiga pleti. Nikajiuliza, mimi nani niseme mchoraji kakosea na wewe umeshasaini? Nikajua mtanicheka. Nikanyamaza."

Msomaji wangu, kalenda 5,000 ziliharibika kwa sababu ya sentensi moja iliyonitoka mdomoni asubuhi wakati sijanywa chai. Na mtu aliyelipia si mimi niliyeitamka.

Jambo hili wataalamu wamelipa jina, wanaliita usalama wa kisaikolojia. Usitishike na jina. Maana yake ni watu wanaofanya kazi pamoja kuamini kwamba mtu akiuliza swali, akikiri kosa au akipinga wazo la mkubwa, hatadhalilishwa wala kukomolewa. Kwa Kiswahili cha mtaani mimi naiita kutoogopa kufungua mdomo.

Mwanamama mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, Profesa Amy Edmondson, ndiye aliyelifanya neno hili lijulikane sana. Miaka ya 1990 alikuwa akichunguza makosa ya dawa yanayotokea hospitalini. Alitegemea kukuta kwamba wodi ambazo wauguzi wanashirikiana vizuri zina makosa machache. Hesabu zikaja kinyume! Wodi zenye ushirikiano mzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akagundua siri. Wodi zile hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema zaidi. Kwenye wodi za mabosi wakali makosa yalikuwepo, ila yalifichwa chini ya godoro. Utafiti ule ulichapishwa mwaka 1996. Mwaka 1999 akatoa mwingine, wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda, ukaonyesha kwamba timu ambazo watu hawaogopani ndizo zinazojifunza, na zinazojifunza ndizo zinazofanya kazi vizuri.

Kwa hiyo bosi unayejisifu kwamba idara yako haina matatizo, hebu tulia kwanza. Je, hayapo, au hayakufikii?

Sasa tuje kwenye hiyo ajaili ya kijana wetu. Neno lenyewe maana yake ni wepesi, kama wa mcheza mpira anayegeuka haraka. Mwezi Februari mwaka 2001, watu 17 wa fani ya kompyuta walikutana kwenye hoteli ya milimani huko Utah, Marekani, wamechoshwa na miradi inayopangwa miaka mitatu kisha inakufa. Wakaandika tamko fupi. Katika mambo manne waliyoyatanguliza, la kwanza kabisa ni kwamba watu na maelewano yao ni bora kuliko taratibu na vifaa. Umesikia? Watu kwanza! Bosi aliyerudi kutoka semina na taratibu, halafu watu akawasahau, amebeba ganda la ndizi akaacha ndizi sokoni.

Na asili ya mambo haya si ya kompyuta tu. Moja ya njia maarufu za ajaili inaitwa skramu, jina lililochukuliwa kwenye mchezo wa raga. Waliolitumia kwanza kwa mambo ya kazi ni Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, katika makala yao ya mwaka 1986 kuhusu kampuni zinazobuni bidhaa haraka. Na Japani ndiko kwa Toyota, magari ambayo yamejaa barabarani kwetu mpaka tunadhani ni yetu.

Kuna kisa kimoja cha Toyota ambacho nakipenda. Mji wa Fremont, jimbo la California, kulikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors. Kilikuwa na sifa mbaya. Utoro ulikuwa mkubwa mno, ulevi kazini, wafanyakazi na mabosi paka na panya. Sheria kuu ilikuwa moja tu: mstari wa kuunda magari usisimame. Gari likija na boliti imekosekana, liache lipite, litarekebishwa huko mbele. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Sasa sikiliza vizuri. Wafanyakazi wengi waliochukuliwa walikuwa wale wale wa zamani, wale wale walioitwa wakorofi! Baadhi yao wakapelekwa Japani kujifunza. Huko wakakuta kitu hawajawahi kukiona. Juu ya mstari kuna kamba, na mfanyakazi yeyote, hata aliyeanza jana, akiona tatizo anaruhusiwa kuivuta. Akivuta, taa inawaka, muziki unapigwa, kiongozi wa timu anakuja. Haji kumwuliza "nani kakuambia uvute?" Anakuja kumsaidia. Tatizo lisipokwisha hapo hapo, mstari unasimama.

Wale wazee wa Fremont waliporudi na kamba ile kiwandani kwao, utoro ulishuka na magari yao yakaanza kulingana kwa ubora na yaliyotoka Japani. Watu wale wale, jengo lile lile. Kilichobadilika ni jinsi walivyopokelewa walipofungua mdomo. Kiwanda kile kiliendelea mpaka kikafungwa mwaka 2010, kwa sababu nyingine za kibiashara, na baadaye wakaingia Tesla wanaotengeneza magari ya umeme.

Basi kile kikao cha asubuhi cha kusimama ndiyo kamba yenyewe. Kwenye skramu kikao hicho hakizidi dakika 15. Tena ni cha wafanyakazi wenyewe kupangana kazi ya siku. Si cha kumripotia bosi. Mtu akisema "nimekwama," amevuta kamba. Jibu sahihi ni "nani anaweza kukaa naye baada ya kikao?" Ukimjibu kwa kumwuliza vyeti, umeikata kamba, na kesho hutasikia muziki wowote. Utasikia "naendelea vizuri" mpaka siku gari litakapomwua mtu barabarani.

Kuna kikao cha pili, cha kutazama nyuma. Hiki hufanyika kila baada ya kipande cha kazi, wengi hupenda kila wiki mbili. Watu wanakaa, wanajiuliza nini kimekwenda vizuri, nini kimetushinda, tubadili nini. Mtaalamu mmoja, Norman Kerth, aliweka sharti zuri katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwamba kabla ya kuanza, wote wakubali kuwa kila mmoja alifanya kadiri alivyoweza, kwa ujuzi na vifaa alivyokuwa navyo wakati ule. Yaani hatukuja kutafuta mchawi, tumekuja kutafuta ufa. Laiti mimi ningekaa kikao kama hicho mwaka 2010! Tungegundua kwamba ufa haukuwa kwa kijana wa pleti. Ufa ulikuwa kwamba kazi nzima ilitegemea saini ya mtu mmoja mwenye haraka.

Najua mabosi wengine mmeshaanza kukunja uso. "Anko sasa anataka tuwabembeleze, kazi zitalala!" Hapana bwana. Kutoogopa kufungua mdomo si ulegevu. Mchelewaji aambiwe kachelewa, mvivu aambiwe ni mvivu, tena kwa heshima na faraghani. Kiwanda chenye kamba hakikuwa cha wavivu, kilikuwa kikali kuhusu ubora kuliko kile cha zamani. Ukali wako uelekeze kwenye kosa, usiuelekeze kwenye utu wa mtu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kama wewe ni mkubwa wa watu, hata watu watatu tu dukani, jaribu haya mwezi mmoja:

Kwanza, anza wewe. Kwenye kikao kijacho sema kosa lako moja la wiki hiyo. La kweli, si lile la kujisifu eti "nafanya kazi kupita kiasi". Utaona macho yatakavyokutoka, lakini mlango umeufungua.

Pili, acha kuuliza "kuna swali?" Hilo kila mtu anajua jibu lake ni kimya. Uliza, "Kitu gani hapa kinaweza kutuangusha?" Kisha nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni, usijibu mwenyewe.

Tatu, anayeleta habari mbaya mshukuru kwanza, uchungu wako utaumeza baadaye. Hapa wengi tunaanguka, maana sura inawahi kuliko mdomo.

Nne, mkitazama nyuma, chagueni jambo moja tu la kubadili, na libadilike kweli. Watu wakisema mara tatu bila chochote kufanyika, mara ya nne hawatasema, na hapo usimlaumu mtu.

Yule kijana wangu wa Kariakoo ana utaratibu wake. Ana vijana wawili wanaojifunza kazi, na yeyote anayekamata kosa kabla mashine haijawaka ananunuliwa soda, hata kama kosa ni la tajiri mwenyewe. Hajawahi kusoma habari za Harvard wala California. Alijifunza kwangu, kwa kuangalia nilichofanya kisha akafanya kinyume. Sijui nifurahi au nilie.

Sasa kijana wa barua, jibu lako. Sema. Tena wiki hii, si wiki ijayo.

Siwezi kukudanganya kwamba hakuna hatari. Bosi wako ninamfahamu, maana nilikuwa yeye. Lakini piga hesabu vizuri. Ukisema leo, wewe ni mtu aliyekamata kosa kabla ya kukabidhi kazi. Ukinyamaza, siku mama ntilie atakapokatwa hela yake ya mtaji mara mbili, watafukua na kukuta kipande ni chako, na pengine watakuta ulijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanao huyo wa miezi minne anahitaji baba mwenye kazi, lakini pia baba anayelala usingizi.

Usiseme kwenye duara la asubuhi. Duara hilo limeharibika, na bosi mbele ya watu ana uso wa kuulinda. Mwombe dakika kumi pembeni. Nenda na mambo matatu kwenye karatasi: kosa linavyotokea, hatua kwa hatua, ili alione kwa macho yake, utakavyolirekebisha na siku ngapi zinahitajika, na hasara itakayomfika mteja kama halikurekebishwa. Anza kwa kusema, "Mkuu, nimekuta kosa kwenye kipande changu, na nimeona nikuwahishie kabla mteja hajaliona." Hapo humvizii, unamwokoa. Kama yupo mwenzako mnayeaminiana, mwonyeshe kwanza, msiwe na shaka na mnachokisema. Na ukishaongea naye, mwandikie ujumbe mfupi wa kumbukumbu. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu watu husahau, hasa wakubwa.

Akikushukuru, umepata kazi nzuri kuliko ulivyodhani. Akikutukana, umepata habari muhimu pia: anza kutafuta kwingine taratibu huku unalipwa, maana nyumba ambayo kamba zake zote zimekatwa haina muda mrefu.

Niandikie uniambie ilikuwaje. Na ninyi mabosi mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha nyuma ya faili, kesho asubuhi kabla ya chai, chungeni midomo.

Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo. Tutawarudia wale wakwe.